Mkono wa Kushoto na Kitambaa Kisichokatwa

Mwenyekiti wetu, dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliowasindikiza wazazi wenu hapa Gongoni asubuhi hii: Waislamu asalaam aleikum, Wakristo Bwana asifiwe, na wote mlionizidi umri shikamooni. Naomba nizungumze nimesimama. Mkiona nimenyamaza katikati ya maneno msikimbilie kuniletea maji. Ni neno limejificha, nalitafuta, nikilipata tunaendelea. Wengi wenu humu mnaujua mchezo huo.

Nimeambiwa nitoe ushuhuda, na nimeambiwa nisitaje jina la mtu. Hilo la majina litanipa taabu, kwa sababu mmoja ninayetaka kumsema amekaa mstari wa pili na ameshaanza kujifunika uso kwa kanga. Shoga, kaa vizuri. Sikutaji.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo. Nilijifunza kazi nikiwa msichana, kwenye baraza la mjomba wangu aliyekuwa akishona kanzu na mashuka ya harusi. Pale barazani kulikuwa na sheria moja. Mshono ukipinda, unafumuliwa. Haufichwi, haubembelezwi kwa pasi, unafumuliwa hapo hapo kwa wembe, mbele ya wenzako, na wenzako wanaacha kazi zao wakuangalie. Wote tuliofundishwa kwenye mabaraza ya Ng'ambo tumepitia hiyo. Niliilia sana sheria ile, na nilipopata baraza langu mwenyewe nikaishika vilevile. Kanzu yangu ukiitazama kifuani, ule mshono ulinyooka kama reli. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo.

Sasa, asubuhi moja nilikuwa nakata kitambaa cha sare za kwaya. Mkasi ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Ndugu zangu, nawaambia, mtu ukiwa na kiburi cha kazi hufikirii kwamba tatizo ni wewe. Nililaumu mkasi. Nikaufuta mafuta, nikaiangalia parafujo yake, nikautukana. Ulipoanguka mara nyingine nikataka kumwita shoga yangu huyu, ambaye huwa anauza asali na karanga kwenye upande wa pili wa baraza langu. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Yeye akadhani namtania. Akanijibu kwa sauti ile ile! Mnaona anavyojifunika? Mpaka alipoona mdomo wangu umekwenda upande ndipo akatupa karanga, akasimamisha bajaji, akanipakia kama gunia la mpunga tukaenda hospitali.

Kiharusi. Sina haja ya kuwaeleza, kila mmoja humu ana chake. Changu kilichukua upande wa kulia, mguu na mkono, na ulimi kikauazima kwa muda. Namshukuru Mungu ulimi ulirudi kabla ya mkono. Majirani walikuwa wameviombea vyote viwili, wakapewa kile cha kelele kwanza.

Nikarudi nyumbani. Wateja wangu wakaja kunipa pole kwa adabu kubwa, wameleta ndizi, wameleta sukari. Wakauliza hali. Wakakaa kidogo, wakaangalia dari. Halafu wakauliza, eti kile kitambaa chetu kiko wapi? Siwalaumu, harusi haisubiri mkono wa fundi upone. Niliwaelekeza kabati lilipo, wakachukua, wakaondoka. Mwisho wa juma kabati likabaki na panya na vipande vya masalio.

Nilijaribu kukata kwa mkono wa kushoto. Mafundi wenzangu mtanielewa, wengine niwaeleze: ule mkasi mkubwa wa fundi umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto, makali yanaachana, kitambaa kinaingia katikati na kinatafunwa. Nilitafuna hivyo pindo la shuka langu mwenyewe, nikauweka mkasi juu ya kabati, nikalala siku nzima nikiangalia ukutani.

Nina mtoto mmoja, wa kike, anafanya kazi Dodoma. Mtoto mzuri, mwenye huruma, anayepanga mambo yake vizuri. Alikuja akanihudumia hadi ruhusa yake kazini ikaisha. Kabla hajaondoka akakaa kitandani kwangu.

"Mama," akaniambia, "huwezi kukaa hapa peke yako. Shule zikifungwa nitakuja na gari nikuchukue. Chumba chako kipo. Cherehani tutampa binti ya mjomba, yeye ana mikono miwili na hana mashine."

"Sawa mwanangu," nikamjibu.

Ningesema nini? Alikuwa sahihi kila neno. Sikuogopa Dodoma, Dodoma nako wanaishi watu. Niliogopa lile kochi. Nilijiona nimekaa kwenye kochi la sebuleni kwa mwanangu, mikono mapajani, televisheni inaongea, nasubiri mtu aniulize nitakula nini. Mimi niliyeamka alfajiri miaka yote ili niwahi kuivisha Ng'ambo siku ya Idi. Nililia kwa hilo kuliko nilivyoulilia mkono.

Muuguzi wa mazoezi, yule dada mcheshi ambaye wengine humu mnamfahamu, alikuwa amenipa kazi ya kufanya. Chukua shughuli yoyote ndogo, akasema, uifanye kwa mkono wa kushoto, lakini ule wa kulia uushirikishe, hata kama hausaidii usiuache umelala. Wenzangu walipewa kuokota maharage. Mimi nikasema maharage nayapika, siyaokoti. Nikatoa kwenye masalio kipande cha marekani, ukubwa wa trei ya chai.

Vijana hamuijui marekani siku hizi, mnajua vitambaa vya jezi tu. Ni ile pamba nyeupe isiyong'aa, ngumu kidogo ikiwa mpya, laini ikishafuliwa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba wazee wetu waliibeba majora kwa majora vichwani kutoka pwani mpaka hapa, na wengine wakaendelea nayo hadi Ujiji. Nchi yetu hii ya Unyanyembe yote ilivaa marekani. Basi nikachukua kipande hicho kizima kizima, kwa sababu moja tu: nisingeweza kukikata.

Shida ya kwanza, kitambaa chepesi kilikuwa kinanikimbia. Mkono wangu wa kulia haukuwa unahisi kitu chembamba, ungeweza kuuwekea hariri ukadhani hewa. Nikakunja marekani mara mbili, bado kinakimbia. Ndipo nikamwomba shoga pamba. Yeye kwao kijijini wanalima pamba, na huwa anakuja nayo kidogo ya kujazia mito. Nikatandika marekani chini, pamba katikati, marekani juu. Kikawa kinene, kina mwili. Mkono wa kulia nikauweka juu yake kama jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke, na kwa mara ya kwanza tangu niugue, ukahisi kitu. Sisemi ulifanya kazi. Ulihisi tu kwamba chini yake pana kitu laini. Niliwaambia wote waliopita barabarani siku ile, hata muuza maji.

Nikaanza kushona kwa kushoto. Mshono wa kawaida wa mkono, sindano inaingia, inatoka. Ukapinda. Nikafumua. Nikaanza tena, ukapinda vibaya zaidi. Nikafumua. Ikawa ndiyo kazi yangu: asubuhi nashona, mchana nafumua, na jioni namwonyesha muuguzi kitambaa kitupu chenye matundu. Akiniuliza leo umeshona nini, nasema bado. Kwa kichwa changu nilikuwa nafuata sheria ya baraza. Nilikuwa sijagundua kwamba baraza lenyewe halipo tena, wala mjomba, wala wenzangu wa kuniangalia. Nilibaki mimi peke yangu na wembe.

Shoga yangu huyu alivumilia. Watu wa kijijini wana subira, lakini ina mwisho. Asubuhi moja alifika na ndoo yake ya asali kichwani, akaitua, akanisalimu kwa lugha ya kwao kama kawaida yake.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka," nikaitika, macho kwenye kitambaa.

"Umeamkaje?"

"Nafumua."

Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Sasa wewe, tangu wiki ile mpaka leo unafumua tu. Hata kuku akitaga yai baya anaondoka, hakai kulidonoa."

"Umepinda," nikasema. "Angalia mwenyewe."

"Nimeangalia. Umepinda. Kwani unashona kanzu ya nani?"

Akainama, akauchukua wembe mkononi mwangu, akaufunga kwenye pembe ya kanga yake.

"Ukiuhitaji," akasema, "uje uuchukue nyumbani kwangu Isevya. Kwa miguu."

Na anajua fika kwamba mguu wangu wakati ule haukufika hata msikitini! Nilimtukana, shoga, mbele ya wateja wako. Ulikuwa umeshaanza kupima asali, hata hukugeuka.

Basi sikuwa na jinsi. Mshono uliopinda umekaa pale katikati ya marekani nyeupe, uzi mwekundu, unaonekana mpaka barabarani. Nikauangalia kwa aibu. Kisha nikafikiri kama fundi mwenye hila: mstari mmoja ukipinda ni kosa, lakini ukiupatia mwenzake unaopinda vilevile, watu watadhani ulikusudia. Nikashona mwingine pembeni yake, nikiufuata unakokwenda. Nao nikaupatia mwenzake. Na mwingine. Hasira ikapungua. Uzi ukaisha, nikatunga mwingine. Kufikia adhuhuri pamba ilikuwa imeinuka katikati ya mishono, ikafanya migongo migongo, na kitambaa kilichokuwa bapa kikawa na milima na mabonde.

Shoga akaja kukiangalia. Akakigeuza huku na huku, akakipapasa kwa kiganja.

"Hili ni shamba," akasema. "Haya si matuta haya?"

Nikatazama. Kweli, yalikuwa matuta. Yale matuta marefu ya karanga na viazi ambayo kila mtu wa huku amepinda mgongo akiyainua, yanayofuata ardhi inavyotaka.

"Na hapa," akasema, akiweka kidole pale mshono wangu wa kwanza ulipojikunja, "hapa umezunguka kichuguu."

"Ndiyo," nikasema. "Kichuguu."

Mungu anisamehe, hapakuwa na kichuguu. Nilikuwa nimepitiwa tu. Lakini nilikitazama kile kitambaa mpaka jioni. Siku zote nilikuwa najua kushona nguo. Nguo unaikata vipande, halafu unatumia maisha yako kuvirudisha pamoja. Kitu kizima kisichokatwa popote, ambacho uzi peke yake ndio unaokipa sura, nilikuwa sijawahi kukishona. Na nilikuwa nimekishona kwa mkono wa kushoto.

Tangu hapo, ndugu zangu, nikashikwa na wazimu. Nimeambiwa siku hizi kuna watu duniani wanafanya kazi ya namna hii na wana majina yao ya kuiita. Mimi naviita vigodoro vya ukutani. Acheni kucheka nyie vijana, najua kigodoro chenu cha Dar ni cha kucheza usiku kucha. Changu kinatundikwa na kinatulia.

Nilijaribu kila kitu. Kwenye mtaa wetu kuna fundi seremala, na mnajua mninga mbichi ukikatwa unavyotoa utomvu mwekundu, ule ambao ukidondokea shati ndiyo basi. Miaka yote nilikuwa namgombeza asiegemeze mbao zake karibu na vitambaa vyangu. Sasa nikawa namwomba magome! Alidhani ugonjwa umepanda kichwani. Nikaloweka marekani kwenye maji ya magome, ikatoka na wekundu wa udongo wa barabara ya Sikonge. Nikajaribu maganda ya vitunguu, yakatoa njano nzuri. Nikafungia misumari yenye kutu ndani ya kitambaa nikamwagia ukwaju, ikatoka michoro ya kahawia ambayo hata ungelipa mtu asingeweza kuichora.

Na niliharibu, jamani, niliharibu. Majani ya tumbaku yalinitoa nyumbani kwa harufu, na rangi yenyewe haikushika. Nta ya nyuki nilisikia inazuia rangi isiingie, nikaipaka maua mazuri, nikasahau kuitoa, nikapiga pasi ya mkaa. Kitambaa kikang'ang'ania pasi, moshi ukajaa uani, mpangaji wangu akatoka na ndoo ya maji. Zamani ningelia wiki nzima. Sasa nikawa nakaa nacheka peke yangu kama chizi, nawaza, je ningeitoa nta mapema?

Kilichozidi vyote ni cha mbegu. Pamba ya shoga inatoka shambani moja kwa moja, haijapita mashine, ina mbegu zake ndani. Mwanzoni nilikuwa nazichambua moja moja, na hilo lilikuwa zoezi zuri la vidole. Baadaye nikapata wazo. Nikasema hizi mbegu nikiziacha, nikazishonea mviringo kila moja, zitatokeza kama kokoto za mto uliokauka. Nikashona. Zikatokeza vizuri sana! Nikakiloweka kile kigodoro kwenye maji baridi ya mninga kipate rangi, nikakikunja kikiwa na umajimaji, nikakiacha kwenye beseni uani. Ilikuwa masika, joto na unyevu. Nikaanza kingine, nikakisahau.

Sasa shule zikafungwa.

Mwanangu akafika na gari kama alivyoahidi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pole na safari." Akaingia uani kunawa mikono, nikaona anakawia. Nikamfuata na fimbo yangu. Amesimama ameshika kile kigodoro kwa ncha za vidole, kimefunguka, na kimeota. Nawaambia kimeota! Miche imetoboa marekani, myeupe, mirefu, mingine imeshafungua vijani viwili.

"Mama," akasema, "hiki ni nini?"

"Ni mto."

"Mto?"

"Mto uliokauka. Kumbe haujakauka."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaanza kucheka, nami nikacheka, na mnajua sisi wa kiharusi tukicheka mdomo unakwenda upande, na hilo likamzidishia. Tulikaa chini kwenye sakafu ya uani tukicheka mpaka wapangaji wakatoka. Tangu niugue mwanangu alikuwa akinitazama kwa huruma tu. Siku ile alinitazama kama mama yake.

Lakini mpango ulikuwa mpango. Gari lipo, ruhusa yake fupi, na binti ya mjomba ameshaambiwa aje kuchukua cherehani kesho yake. Usiku sikumwambia chochote. Nilijisemea, nimekubali kwa mdomo wangu, nitamtesaje mtoto aishi roho juu kila simu ikilia?

Siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, yeye alikuwa anafunga nguo zangu ndani. Mimi nikakaa barazani na kigodoro nilichokuwa nimekianza, nia yangu nikimalize kabla ya kuondoka, nimwachie shoga kumbukumbu. Nilikuwa nimekitia rangi ya mninga iliyofifia, na juu yake nilikuwa nashona njia. Njia moja nyembamba inayotoka upande wa mashariki, inapita kwenye matuta, inapanda, inashuka, inapotea kidogo, inaonekana tena. Niliwaza wale wazee wa bibi yangu na majora yao vichwani. Nilitaka anayetazama aone kwamba hiyo njia imekanyagwa na watu waliochoka. Sasa uchovu unaushonaje? Nikajaribu mishono mirefu, ikaonekana inakimbia. Nikajaribu mifupi, ikawa kama siafu. Nikajaribu mirefu miwili na mfupi mmoja, mtu anatembea halafu anatua mzigo. Hiyo ikakaa. Nikaifuata.

Nilipoinua kichwa, mwadhini alikuwa anaadhini magharibi. Mwanangu amekaa kizingitini, mgongo kwenye fremu ya mlango, kiganja shavuni. Sikujua amekaa hapo tangu lini.

"Mama," akasema. "Cherehani imeondoka."

"Lini?"

"Mchana. Waliibeba watu wawili wakapita hapa mbele yako. Uliwaambia wasikuzibie mwanga."

Nikageuka. Pale cherehani ilipokaa miaka yote pamebaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu. Wallahi sikuwaona. Mashine niliyoinunua kwa jasho langu, iliyomsomesha mtoto huyo aliyekaa kizingitini, imepita mbele ya macho yangu, nami nimewafukuza wabebaji kwa sababu ya mwanga!

Mwanangu akaanza kulia, taratibu, bila kelele.

"Nilikuwa nimejiandaa kukubembeleza," akasema. "Nilijua ikiondoka utalia. Nimekaa hapa kukusubiri ulie."

"Nisamehe mwanangu, nilikuwa nahangaika na hawa wabeba mizigo wangu wa kitambaani."

Akakichukua kigodoro mkononi mwangu, akapitisha kidole kwenye njia kutoka mwanzo, akasimama pale mshono mfupi ulipo, akaendelea, akasimama tena. Sikuwa nimemweleza ule mshono mfupi ni nini.

"Wanapumzika hapa," akasema.

Basi tukalia wote wawili. Alipofuta machozi akaniambia maneno haya, nami nayahifadhi: "Nilikuja kumchukua mgonjwa. Sasa nikikupeleka Dodoma, nitakuwa nimemwachisha mtu kazi." Akaingia ndani, nikasikia anafungua begi na kuzirudisha nguo zangu kwenye kabati.

Hatukuachana hivi hivi, msidhani. Aliniwekea masharti. Mpangaji wangu wa uani anagonga mlango kila asubuhi, nisipoitika anaingia. Simu nisiizime. Na dawa za presha nameza kila siku, nijisikie vizuri nisijisikie vizuri. Nanyi mezeni. Naona huyo pale anainamisha kichwa, huyo hamezi! Meza dawa, baba, tukuone mwezi ujao.

Siku hizi ndiyo kazi yangu. Kanzu sishoni, na wanaoleta kanzu nawaelekeza kwa binti ya mjomba, ambaye yuko mtaa wa pili na cherehani ile inamkubali. Mimi natoa vigodoro vidogo, kwa sababu kikubwa mkono wa kulia hauwezi kukituliza. Vingine vinachukuliwa na watu kutundika sebuleni. Mzee mmoja aliniomba nimshonee shamba la marehemu baba yake, akanichorea mchangani kisima kilipokuwa, na nilipompa alikikunja akakitia ndani ya koti. Vingine vinaharibika. Nina kapu zima la vilivyoharibika na nalipenda, kwa sababu nikikwama naingiza mkono humo na natoka na wazo. Na ule mkono wa kulia? Haujarudi wote. Unashika kikombe kisicho na chai ya moto. Unakandamiza kitambaa, na siku hizi unajua ukikandamize kwa nguvu kiasi gani. Nimeridhika nao.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi aliyenipa kazi nikafanya nyingine na hakugomba. Namshukuru seremala na magome yake, wapangaji na ndoo yao ya maji. Mwanangu nilishamshukuru jana kwenye simu, akaniambia nisiongee sana leo, na mnaona nilivyomtii. Na wewe shoga, toa kanga usoni. Watu walinipa pole, walinipa sukari, walinipa dua, vyote vilinifaa. Wewe ulininyang'anya kitu. Sina namna ya kukulipa.

Nililojifunza ni hili. Sisi tukishapatwa, tunashinda tukipima kazi ya mkono wa leo kwa kipimo cha mkono wa zamani, na kila siku tunakuta imepungua, tunafumua. Huo mkono wa zamani ulikuwa mzuri, tuagane nao kwa heshima. Huu ulionao haujui sheria, haujafundishwa barazani, unakwenda usikoutuma. Ufuate kidogo uone unakwenda wapi. Ukiharibu, jaribu kingine, kitambaa kipo.

Na nimekuja nacho. Msinyanyuke, bado sijamaliza. Shoga, nisaidie kukitandaza hapa mezani. Hii ni marekani, nzima, sijaikata popote, na pamba imo ndani tayari. Sindano zimeshatungwa uzi, kila mtu na yake. Leo kila mmoja wetu atapiga mishono yake humu, na masharti yangu ni kwamba utumie mkono ule mbovu, au ule usiouzoea. Kitatundikwa hapa ukutani kwetu, kikiwa kimepinda kila upande. Kaka yangu wa benchi la mwisho, wewe ambaye miezi yote hii mkono wako unauficha mfukoni, sogea mbele. Utoe. Wa kwanza ni wewe.